Mgawo wa fedha za barabara: tuache kugombea asilimia, tuhesabu njia zinazopitika

Mjadala wa fedha za barabara umerudi, na kama kawaida yetu umegeuka kuwa mpira wa timu mbili. Timu ya kwanza inasema mji ndio wenye magari, mji ndio unaolipa tozo ya mafuta, basi fedha ziende mjini foleni zipungue. Timu ya pili inasema kijiji ndicho kinacholisha nchi na ndicho kilichoonewa miaka yote, basi fedha zigawanywe sawa kwa sawa, jimbo kwa jimbo, kila mtu apate chake. Nimezisoma hoja za pande zote mbili na nataka kuzihakiki zote mbili. Naona zina kasoro moja: zinagombania ukubwa wa fungu, wala haziulizi fungu hilo linatakiwa limfanyie nini mwananchi.

Msimamo wangu nautanguliza ili msije mkanitafuta baadaye. Mgawo wa haki unaanza na kiwango cha chini cha huduma ambacho kila mtu anastahili, awe Tandale au Tandahimba: NJIA INAYOPITIKA MWAKA MZIMA, masika na kiangazi. Gharama ya kiwango hicho itolewe kwanza kwenye mfuko. Kinachobaki ndicho tukigawane kwa kuangalia wingi wa magari, idadi ya watu, mazao na kadhalika. Sisi tumefanya kinyume. Tunagawa asilimia kwanza, halafu tunamwambia mtu wa mwisho asubiri kama kutakuwa na makombo.

Tuanze na takwimu, maana wengi wanazitaja bila kuziangalia vizuri.

Tanzania Bara ina Mfuko wa Barabara ambao sheria yake ya tozo ilirekebishwa mwaka 1998, na chanzo chake kikubwa ni tozo kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Kwa miaka mingi mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa barabara za halmashauri. Hizi za halmashauri zilikabidhiwa TARURA ilipoanzishwa mwaka 2017. Sasa tazama urefu. TANROADS ina zaidi ya kilomita 36,000. TARURA ina zaidi ya kilomita 144,000. Yaani sehemu nne katika tano za mtandao wote zilitakiwa zitunzwe kwa chini ya theluthi moja ya fedha. Hapo ndipo timu ya pili inaporuka juu na kusema: mmeona? Kijiji kinaonewa!

Haraka haraka haina baraka. Asilimia 70 hazikuwa za mjini. Barabara kuu inayotoka Dodoma kwenda Iringa, au Makambako kwenda Songea, inapita vijijini mwanzo mwisho, na mkulima anaitegemea kama anavyoitegemea dereva wa basi. Na zile asilimia 30 hazikuwa za kijijini. Herufi za TARURA zenyewe zinasema ni wakala wa barabara za vijijini NA mijini. Mtaa wa Sinza uko humo, uchochoro wa Mbagala uko humo, na njia ya kwenda Kijiji fulani cha Makete nayo iko humo humo, zote zikigombania sahani moja. Kwa hiyo mgawo ule wa 70 kwa 30 ulikuwa ni mgawo kati ya barabara kubwa na barabara ndogo. Ugomvi wa mjini na kijijini ulikuwa umefichwa ndani ya zile 30, mahali ambapo watu wachache sana walikuwa wanaangalia.

Nataja hili kwa sababu mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA. Ilikuwa hatua nzuri, wala sitaibeza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini kuongeza maji kwenye mtungi hakuamui nani anywe kwanza. Fedha zilizoongezwa ziliingia katika wakala ule ule wenye mitaa ya jiji na njia za shamba, na swali la nani atangulie likabaki pale pale.

Sasa nije kwenye hoja ya timu ya kwanza: aliyelipa ndiye apewe. Inavutia, hasa kwa sisi tuliokaa nchi hizi za baridi tukafundishwa kwamba mtumiaji alipe. Lakini hebu tujiulize, hivi kweli mtu wa kijijini halipi?

Tozo inachukuliwa kwenye mafuta, haichukuliwi kwenye gari. Mashine ya kusaga unga inayonguruma kijijini ambako umeme haujafika au unakatika, inakula dizeli. Kila lita imelipiwa tozo ya barabara, na mashine yenyewe haijawahi kutembea hata hatua moja barabarani. Mvuvi wa Ukerewe anayetia petroli kwenye injini ya mtumbwi analipia barabara huku akisafiri majini. Pampu ya kumwagilia nyanya vivyo hivyo. Bodaboda, ambayo ndiyo teksi, gari la mizigo na wakati mwingine gari la wagonjwa la kijijini, inalipa kila siku. Na hata yule asiyenunua tone la mafuta analipa kupitia bei ya chumvi, sabuni na mabati yaliyosafirishwa hadi kwake. Kinyume chake, miaka ya 2000 kampuni kubwa za madini zilikuwa na msamaha wa tozo hiyo hiyo ya mafuta, na jambo hilo liliguswa katika taarifa ya kamati ya Jaji Mark Bomani ya mwaka 2008. Mwenye mashine ya kusaga analipa, mwenye mgodi wa dhahabu anasamehewa! Halafu tunaambiwa kijiji ndicho kupe.

Kuna kodi nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti yoyote. Barabara ikiharibika, mfanyabiashara anayefuata viazi au mahindi anashusha bei ya shambani, anasema gari litavunjika springi. Na hata akikubali bei, anataka lumbesa. Gunia linashonewa kofia juu mpaka linakuwa gunia moja na nusu, na mkulima analipwa gunia moja. Mizani imepigiwa kelele bungeni miaka nenda miaka rudi, lakini mkulima ambaye lori moja tu limethubutu kufika kwake hana ubavu wa kubishana na mwenye lori. Yakifika malori matano, lumbesa inapungua yenyewe. Kwa hiyo ubovu wa barabara ni tozo ya kila gunia, na anayeilipa ni yule yule anayeambiwa hachangii.

Ipo pia hoja ya kitaalamu ya timu ya kwanza, kwamba fedha zifuate hesabu ya magari. Wahandisi husimama barabarani, huhesabu magari yanayopita kwa siku, kisha faida inakokotolewa. Kwa barabara kuu njia hiyo ni sahihi kabisa. Kwa njia ya kijijini ni duara. Barabara haipitiki, kwa hiyo magari hayapo. Magari hayapo, kwa hiyo hesabu ni ndogo. Hesabu ni ndogo, kwa hiyo fedha hazitoki. Fedha hazitoki, kwa hiyo barabara haipitiki. Ni sawa na kuamua kama zahanati inahitajika kwa kuhesabu wagonjwa walioingia wakati mlango umefungwa kwa kufuli. Na mama mjamzito aliyebebwa kwenye machela hadi barabara kuu hahesabiwi popote, maana machela si gari.

Basi timu ya pili imeshinda? Hapana. Nao nina ugomvi nao, tena mkubwa.

Twende Kenya, kwa sababu wenzetu waliwahi kuijaribu dawa ya kugawa sawa na matokeo yake yanaonekana. Kwanza tukumbuke walikotoka. Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965 ulielekeza uwekezaji kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, usafiri na watu walio tayari kupokea maendeleo. Kwa lugha nyepesi: aliyenacho aongezewe. Kaskazini ilikaa nusu karne ikisubiri lami, na barabara ya Isiolo hadi Moyale ilikamilika kuwekwa lami katikati ya miaka ya 2010. Mtu wa Marsabit akisema anakwenda Kenya, akimaanisha Nairobi, hakuwa anafanya mzaha.

Kama tiba ya dhuluma hiyo, sheria ya mfuko wa barabara wa Kenya ikatenga asilimia 22 ya tozo kwa ajili ya barabara za majimbo, zigawanywe SAWA kwa kila jimbo. Inasikika kama haki yenyewe. Lakini majimbo ni 290, na hayafanani hata kidogo. North Horr, kule Marsabit, ndilo jimbo kubwa kuliko yote kwa eneo. Unaweza kuendesha gari siku nzima hujatoka. Mathare, ndani ya Nairobi, unalimaliza kwa miguu kabla jua halijawa kali. Wape kiasi kile kile, umemtendea nani haki? Yule wa North Horr amepewa kitambaa cha leso ajishonee kanzu. Yule wa Mathare naye ana watu waliorundikana na mitaro inayofurika, na shida yake haipimwi kwa kilomita wala kwa majimbo.

Kugawa sawa kuna ubaya mwingine ambao wanasiasa wanaupenda. Fungu likishaitwa la jimbo, linakuwa fungu la mheshimiwa. Greda linaonekana miezi michache kabla ya uchaguzi, linakwangua udongo, picha zinapigwa, mvua ya kwanza inachukua udongo wote hadi mtoni kwa sababu hakuna mtaro wala kalavati. Mwaka unaofuata tunakwangua tena. Kila ukikwangua bila kurudisha changarawe unaishusha barabara chini zaidi, mpaka inageuka kuwa mfereji. Fedha zimetumika, risiti zipo, njia haipo. Na mwaka 2024 na 2025 tumeshuhudia wabunge na magavana wa Kenya wakivutana hadi mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyo, kila upande ukidai ndio mwenye mamlaka ya kuzishika. Katika mvutano ule wote lilitawala swali la nani ashike mfuko. Barabara ipi ifunguliwe kwanza, hilo lilisikika kwa shida.

Halafu kuna suala la nani ana sauti. Wasomi wenzangu mnawakumbuka Michael Lipton, aliyeandika mwaka 1977 kuhusu upendeleo wa mijini, na Robert Bates, aliyefuata mwaka 1981 akaeleza kwa nini serikali za Afrika zinawasikiliza watu wa mjini: wako karibu na ikulu, wako pamoja, na wakikasirika wanaonekana. Lakini kabla yao wote, Azimio la Arusha la 1967 lilikwishaonya kwamba tusipoangalia, wa mjini watamnyonya wa kijijini, kwa sababu mikopo inajenga mji na mazao ya shamba ndiyo yanayolipa deni. Onyo hilo halijachakaa. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa mradi wa DMDP wa barabara, mitaro na maboresho ya mitaa ya Dar es Salaam. Mwaka 2021 ikaidhinisha kiasi hicho hicho, dola milioni 300, kwa mradi wa RISE wa barabara za vijijini. Jiji moja kwa upande mmoja, vijiji vya mikoa kadhaa kwa upande mwingine, mizani ikasimama sawa.

Uganda nako, Aprili 2023 wakazi wa Kampala walianzisha maonyesho ya mashimo mtandaoni. Kila mtu akapiga picha ya shimo lake na kulirusha. Haukupita muda Rais Museveni akaagiza zitolewe shilingi bilioni 6 za Uganda kuziba mashimo ya jiji. Nawapongeza vijana wale, walifanya kazi ya kiraia safi sana. Lakini jiulize, maonyesho ya mashimo ya Karamoja yangeandaliwa na nani? Asiyekuwepo na lake halipo.

Hata hivyo, naomba tusimfanye mtu wa mjini adui. Ndani ya jiji kuna miji miwili. Kuna mtaa wenye lami, taa na mtaro uliofunikwa. Na kuna uchochoro ambao gari la zimamoto haliwezi kuingia, mvua ikinyesha watoto wanabebwa mgongoni kuvuka maji machafu. Huyu wa uchochoroni na yule wa kijijini wana shida MOJA. Wote wawili njia yao haipitiki. Mgawo wa mjini na kijijini unawagombanisha ndugu hawa wawili huku fedha zikienda kupanua barabara ambayo tayari inapitika.

Sasa niseme kidogo kuhusu huku ninakoishi, kwa tahadhari, maana najua baadhi yenu mmechoka na sisi watu wa ughaibuni na hadithi za huku kwetu mambo safi. Si safi. Lakini kuna jambo moja la kujifunza.

Richmond Hill iko kaskazini ya Toronto, ndani ya Jimbo la Ontario, katika eneo la York lenye halmashauri tisa. Miongoni mwake kuna miji mikubwa kama Markham na Vaughan, na kuna sehemu za mashamba kama King na Georgina. Mgawo wa fedha hapa nao ni vita. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ya jimbo iliwatupia halmashauri maelfu ya kilomita za barabara zake, ikiwemo hii Yonge inayokatiza katikati ya mji wetu, na halmashauri ndogo zililia machozi. Mwaka 2004 likaanzishwa fungu la tozo ya petroli kwa ajili ya usafiri wa umma. Linagawanywa, cha kuchekesha, kwa 70 na 30: asilimia 70 kwa idadi ya safari za abiria, 30 kwa idadi ya watu. Halmashauri ya mashambani isiyo na basi haipati hata senti. Ndipo ikabidi liwepo fungu jingine la miundombinu kwa halmashauri ndogo zenye watu chini ya 100,000. Kwa hiyo wasiwadanganye, huku nako mwenye nacho huongezewa.

Tofauti iko mahali pengine. Sheria ya halmashauri ya Ontario ya mwaka 2001 inaitaka halmashauri itunze barabara zake katika hali inayostahili, na kanuni ya mwaka 2002 ikaweka viwango vya chini vya utunzaji. Barabara zimepangwa kwa madaraja kufuatana na wingi wa magari na mwendo unaoruhusiwa. Theluji ikishapita sentimita 2.5 kwenye daraja la kwanza, kiwango ni kuisafisha ndani ya saa 4. Kwenye daraja la tano, ambalo ndilo njia nyingi za mashambani, theluji ikipita sentimita 10 kiwango ni saa 24. Daraja la kwanza linakaguliwa mara 3 kila siku 7, na daraja la tano mara moja kila siku 30. Halmashauri iliyotimiza viwango hivyo ina kinga mahakamani. Isiyotimiza, mtu akipata ajali, ijiandae kujieleza mbele ya jaji.

Angalieni vizuri mantiki yake. Usawa wa kila mtu kupata kile kile haupo. Mkulima wa vitunguu wa bonde la Holland Marsh anajua kabisa kwamba sisi wa Yonge tutasafishiwa kabla yake, na halalamiki sana. Lakini anajua pia kwamba KESHO lazima njia yake ifunguliwe, na kwamba kila mwezi kuna mtu analipwa kupita kuitazama. Wingi wa magari unaamua kasi ya huduma, hauamui kama huduma itakuwepo. Daraja la sita, la njia zenye magari machache kabisa, halina ulinzi huo, na hapo ndipo kanuni yao inapovuja. Lakini juu ya hapo kuna sakafu, na hakuna anayedondoka chini ya sakafu kwa sababu tu jirani yake ana magari mengi.

Wana kitu kingine cha bei rahisi. Machi na Aprili barafu inapoyeyuka na udongo kulegea, njia nyingi za mashambani zinawekewa kikomo cha tani 5 kwa kila ekseli. Gharama yake ni vibao na usimamizi. Sisi tuna masika kila mwaka, hatuhitaji utabiri wa nabii kujua udongo wa mfinyanzi utalegea, na bado lori la mbao linaachiwa lipite mwezi wa Aprili na kuua barabara ya vijiji vinne kwa safari moja.

Najua swali linalofuata. Profesa, kilomita 144,000! Fedha ziko wapi? Swali zuri, na jibu lake ni kwamba sijasema lami. Njia ya kijijini haikatiki urefu wake wote. Inakatika kwenye mlima mmoja wenye utelezi, kwenye vijito viwili na kwenye bonde la tope. Tengeneza sehemu hizo: kalavati, mtaro wa kutoa maji pembeni, kifusi cha changarawe kwenye tope, mawe kwenye mlima. Penye kijito kikubwa kuna madaraja ya mawe ambayo TARURA imeyajenga sehemu mbalimbali, Kigoma ikiwemo, kwa mawe na mafundi wa pale pale. Na Kenya, kuanzia mwaka 1974, ilikuwa na mpango wa barabara za vijijini uliojenga maelfu ya kilomita kwa nguvu kazi, majembe na mikokoteni. Mkazi wa jirani alipewa kipande chake cha njia akitunze kwa malipo: azibue mitaro, afyeke nyasi, ajaze mashimo kabla hayajawa mahandaki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hii methali tunaisema kila siku halafu tunatenga fedha za ukuta peke yake.

Na kwa upande wa jiji, jiji lina vyanzo ambavyo kijiji hakina: kodi ya majengo, ushuru wa maegesho, hata barabara za kulipia. Barabara ya juu ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, inalipiwa na wanaoipita. Unaweza kuipinga kwa sababu nyingi, na mimi nina zangu, lakini inathibitisha kwamba mwenye gari wa mjini akitaka kuokoa saa nzima yuko tayari kutoa hela. Kijijini huwezi kuweka kizuizi cha malipo kwenye njia inayopita baiskeli na punda. Kwa hiyo mfuko wa pamoja uanze na asiye na chanzo kingine.

Nahitimisha kwa mapendekezo matatu.

1. Sheria itamke kiwango cha chini. Kila kijiji na kila mtaa uwe na angalau njia moja inayopitika kwa gari la wagonjwa siku zote za mwaka, na ikikatika iwepo idadi ya siku ambazo lazima iwe imefunguliwa. Siku ngapi, wahandisi na wananchi wakae wakubaliane. Muhimu namba iwepo, na mwenye kushindwa ajieleze.

2. Gharama ya kiwango hicho ikatwe kwanza kwenye tozo, kabla ya asilimia yoyote. Kinachobaki kigawanywe kwa magari, watu na mazao, na hapo timu zote mbili ziendelee na mpira wao kwa amani.

3. Orodha ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na ya mtaa: njia ipi, imepata shilingi ngapi, nani mkandarasi, imefungwa siku ngapi mwaka huu. Kipimo cha wakala kiwe siku ambazo njia ilipitika. Kilomita zilizokwanguliwa zisituhadae tena.

Wanaoendelea kubishana juu ya 30 iwe 40 au 50, nawaomba wanijibu jambo moja tu. Tukiwapa hizo 50 kesho asubuhi, ni kipengele gani cha sheria kitakachohakikisha kwamba yule mama wa kwenye machela atapata gari masika ijayo? Kama hakipo, basi tumegawana fedha na hatujagawana barabara.

Naomba kutoa hoja.

Wasalaam,
Richmond Hill, Ontario